Hafubeki wa Shelby: Charles Follis na habari fupi ya gazeti

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Katikati ya Septemba 1904, gazeti la Shelby Daily Globe, la mji mdogo wa Shelby katika jimbo la Ohio, Marekani, lilichapa habari fupi ya michezo: Charles Follis ametia saini mkataba wa kuichezea timu ya mpira ya Shelby msimu mzima. Wasomaji wa siku ile hawakuwa na la kushangaa. Follis alikuwa ameshaichezea timu hiyo misimu miwili, walimjua uwanjani na walimjua dukani alikofanya kazi. Kesho yake gazeti likatumika kufungia nyama, kama magazeti yote. Mwaka 1975 watafiti wawili, John Seaburn na Milt Roberts, walipokuwa wakipekua magazeti ya zamani ya Shelby, waliikuta habari hiyo, na kwa sababu yake Follis leo anatajwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza anayejulikana kucheza mpira wa Kimarekani kwa malipo.

Nitawaeleza maisha yake, lakini kwanza tuelewane kuhusu mchezo alioucheza. Anayeufikiria kama ule wa kwenye televisheni, wenye kofia ngumu na pasi za kurushwa mita 40, hatamwelewa Follis hata kidogo. Mwenye kuijua raga yuko karibu zaidi, ingawa naye atashangaa.

Mwaka 1904 uwanja ulikuwa na urefu wa yadi 110, yaani mita 100 na kidogo, na upana wa futi 160. Watu 11 kila upande, vipindi viwili vya dakika 35. Timu yenye mpira ilipewa majaribio matatu, dauni tatu, ya kusogea yadi 5. Ikifaulu inaanza hesabu upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Sasa pigeni hesabu. Yadi 5 kwa dauni tatu ni mita moja na nusu tu kila dauni. Kwa mita moja na nusu chenga za nini? Tafuta uzito, na watu wa kukusukuma.

Na kusukumana kuliruhusiwa. Mtu wa kati anauachia mpira nyuma kwa kwotabeki, mgawaji wa mpira, kwotabeki anamkabidhi hafubeki, mkimbiaji anayeanzia nyuma ya ukuta, hafubeki anaingiza bega katikati ya ukuta wa watu, na papo hapo wenzake wawili au watatu wanamsukuma mgongoni huku waliotangulia mbele wakimvuta mikono na jezi. Timu nyingine zilifikia hata kushona mishikio ya ngozi kwenye suruali za wabeba mpira ili pawe na pa kushika. Wapinzani nao wanasukuma kwa nguvu zao zote upande wa pili. Mmeshaona mchezo wa kuvuta kamba? Mbeba mpira ndiye alikuwa kamba. Kushikwa peke yake hakukumaliza kazi: mpaka azuiwe kabisa asiweze kusogea, apige kelele kwamba ameshuka, au refa apulize filimbi. Katikati ya kukamatwa na filimbi kulikuwa na sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo magoti, viwiko na vidole vilifanya kazi ambayo refa hakuiona.

Kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku mpaka 1906. Kwa hiyo hafubeki aliyetaka kuukwepa ukuta alikuwa na njia moja, kuuzunguka kwa pembeni kwa mbio kabla mlinzi wa ukingoni hajamfunga. Hilo lilihitaji mtu mwenye mwendo, na ambaye akikamatwa haanguki upesi. Follis alikuwa na yote mawili: urefu wa futi 6, uzito wa ratili 200 hivi, karibu kilo 90, na miguu ya mkimbiaji. Mwilini alivaa kama wengine wa enzi hiyo. Suruali ya kitambaa kizito iliyojazwa pamba mapajani na magotini, jezi ya sufu au koti la turubai lililobana kifua, viatu vyenye vipande vya ngozi vilivyopigiliwa kwenye soli. Waliotaka waliongeza ngao ya pua iliyotengenezwa kwa raba, ambayo ncha yake ya chini iling'atwa kwa meno ili isitoke. Kofia ya ngozi ilikuwa hiari. Ligi kuu ya kulipwa ilikuja kulazimisha kofia mwaka 1943.

Kuna kanuni moja ambayo watu huisahau, nayo ndiyo inayoeleza majeraha mengi. Mchezaji akitolewa haruhusiwi kurudi. Hakukuwa na kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda. Watu 11 walewale walifanya yote kwa dakika 70. Klabu ndogo ilisafiri na wachezaji wa akiba wachache, nauli ya treni ikiwa ndiyo sababu. Kwa hiyo aliyeteguka kifundo dakika ya 10 alifungwa kitambaa akaendelea, kwa kuwa kutoka kwake kulikuwa kutoka moja kwa moja, na aliyekuja badala yake huenda alikuwa karani ambaye hakufanya mazoezi wiki nzima.

Sasa mtu mwenyewe.

Charles Follis alizaliwa tarehe 3 Februari 1879 huko Cloverdale, Virginia, miaka 14 tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa Marekani. Wazazi wake walihamia Wooster, Ohio, mji wa wakulima wenye chuo. Mwaka 1899, akiwa sekondari ya Wooster, alisaidia kuanzisha timu ya kwanza ya mpira ya shule hiyo. Wenzake, wengi wao wazungu, walimchagua nahodha. Alicheza hafubeki wa kulia, na msimu ule timu haikupoteza mechi wala kufungwa hata pointi moja. Mwaka 1901 akaingia chuo cha Wooster. Huko alicheza besiboli, lakini mpira wa Kimarekani aliuchezea timu ya mji, Wooster Athletic Association, badala ya timu ya chuo. Ndipo alipopata jina la utani, Kimbunga Cheusi cha Wooster. Magazeti ya enzi hiyo yalizoea kubandika rangi ya mtu kwenye jina lake, hata yalipomsifu.

Mwaka huohuo wa 1901 timu ya Wooster ilikutana na Shelby. Meneja wa Shelby, Frank Schiffer, aliona alichokiona, na kwa msimu wa 1902 Follis akawa mchezaji wake. Namna alivyompata inafaa tuitazame kwa makini, kwani ndiyo namna klabu nyingi za miji midogo zilivyofanya kazi. Schiffer alimtafutia kazi katika duka la vifaa vya chuma na ujenzi la Seltzer mjini Shelby, na saa za kazi zikapangwa zisigongane na mazoezi. Basi kijana anahamia mjini, ana riziki, ana mahali pa kulala, na mchana wa mechi yuko uwanjani. Ukimuuliza mwenye klabu, huyu ni mfanyakazi wa duka anayependa mpira. Je, huo ni mshahara wa duka au wa mpira? Kwa maoni yangu swali hilo halina jibu moja, na lilitungwa makusudi lisiwe na jibu.

Kwa nini kuficha? Kwa sababu klabu za riadha za wakati huo ziliapa kwa neno ridhaa. Mwanamume mstaarabu hucheza kwa ajili ya mchezo. Anayelipwa ni kibarua. Klabu iliyokamatwa ikilipa ilihatarisha mechi zake na klabu nyingine, na mwanafunzi wa chuo aliyekamatwa alipoteza haki ya kukichezea chuo chake. Lakini mashabiki walitaka ushindi, waliweka kamari kubwa, na viingilio vilipanda timu ikishinda. Matokeo yake mnayajua wote, mashindano ya shule za kwetu hayatofautiani sana: mamluki. Mtu anashuka kwenye treni Ijumaa jioni, anacheza Jumamosi kwa jina la kupanga, Jumapili hayupo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa tarehe 12 Novemba 1892. Klabu ya Allegheny, karibu na Pittsburgh, ilimlipa William Heffelfinger, aliyewahi kuwa nyota wa chuo cha Yale, dola 500 taslimu kwa mechi moja dhidi ya Pittsburgh Athletic Club, na dola 25 za nauli. Aliyaokota mapato hayo kwa namna ya kustahili: aliuchukua mpira ulioanguka, akakimbia nao, Allegheny ikashinda 4–0. Wiki iliyofuata klabu hiyo ikamlipa mchezaji mwingine, Ben Donnelly, dola 250. Watu walinung'unika siku ileile, lakini hakuna aliyekiri. Kwa miongo mingi heshima ya mchezaji wa kwanza wa kulipwa ilikuwa ya John Brallier, aliyepokea dola 10 na gharama zake huko Latrobe mwaka 1895. Heshima hiyo ilihama baada ya daftari la hesabu la Allegheny kupatikana, mhasibu akiwa ameandika malipo ya Heffelfinger waziwazi. Mhasibu haandiki kwa ajili ya sifa. Anaandika ili vitabu visawazike, na ndiyo maana tunamwamini kuliko mashairi ya magazeti.

Kwa Follis daftari la namna hiyo halijawekwa mezani. Kilichopo ni habari ya Globe, na ndiyo maana maneno yake yanapimwa moja moja. Habari ilisema mkataba, tena wa msimu. Kulipwa kwa mechi moja moja kulikuwa jambo la kawaida zaidi, na kulikuwa na ubaya wake. Mchezaji wa namna hiyo alikuwa huru kuhama Jumatano akiahidiwa dola 5 zaidi na mji wa jirani. Mwaka 1903 mji wa Massillon, si mbali na hapo, ulianzisha timu ya Tigers, na katika msimu wake wa kwanza ukaleta wachezaji wa kulipwa kutoka Pittsburgh kwa ajili ya mechi kubwa na Akron. Baada ya hapo kila meneja wa Ohio alijua kwamba hafubeki wake mzuri anaweza kununuliwa. Schiffer, au yeyote aliyeshika kalamu siku ile ya Septemba, alikuwa anafunga mlango. Hapo mimi nasoma nia ya klabu kutokana na mazingira. Sina barua inayosema hivyo. Lakini nioneshwe sababu nyingine ya kumfunga kwa mkataba mtu ambaye tayari anaishi mjini na anafanya kazi mjini.

Msimu ukaanza. Mechi ya kwanza Shelby iliifunga Marion 29–0, na Follis alikimbia yadi 83 mpaka kwenye mstari wa goli. Yadi 83 ni mita 76. Kumbukeni kanuni: timu ililazimika kusogea yadi 5 kwa dauni tatu. Timu iliyosukuma kwa kawaida yake ingehitaji kufaulu mara 17 mfululizo, bila kuangusha mpira hata mara moja, ili kufika alikofika yeye kwa pumzi moja.

Na ile 29 tuitazame kidogo, maana hapa ndipo wasomaji wa leo hujikwaa. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli, haikuwa na pointi 6. Kuanzia 1898 hadi 1911 ilikuwa 5, na mkwaju wa kuupitisha mpira kati ya milingoti baada yake pointi 1. Goli la uwanjani, yaani mkwaju kama huo unaopigwa bila tachidauni, lilikuwa 5 hadi 1903, likawa 4 kuanzia 1904, likashuka kuwa 3 mwaka 1909, na ndivyo lilivyo hadi sasa. Tachidauni ilifika 6 mwaka 1912. Kwa hiyo 29 ya mwaka 1904 inaweza kuwa tachidauni 5 na mikwaju 4. Anayeisoma kwa hesabu ya leo atazua goli la uwanjani ambalo halikuwapo, kisha atamtafuta aliyelipiga, na asipompata atasema ripoti ina makosa.

Mkwaju wenyewe ulikuwa na ugumu wake. Milingoti ilisimama juu ya mstari wa goli, futi 18 na nusu kati yake, na mwamba wa juu ukiwa futi 10 kutoka ardhini. Mpira ulirudishwa uwanjani moja kwa moja kutoka mahali ulipogusishwa chini, kama raga ya leo. Hafubeki aliyeingia kwenye kona alimpa mpigaji pembe mbaya. Timu iliruhusiwa kujaribu njia nyingine: mchezaji mmoja anaupiga mpira kwa mguu kutoka nyuma ya mstari kwenda kwa mwenzake aliye mbele ya milingoti, naye akiudaka vizuri, mkwaju unapigwa kutoka hapo. Akiuangusha, nafasi imekwenda. Kwa hiyo mkimbiaji mwenye akili, akishavuka mstari, hakusimama kushangilia; aliendelea kukata kuelekea katikati akiwa na wapinzani mgongoni, kwa ajili ya pointi moja.

Shelby ilimaliza 1904 kwa ushindi mara 8, sare moja na kushindwa mara moja. Waliowashinda ni Massillon, mabingwa wa Ohio, timu ambayo msimu huohuo iliifunga Marion 148–0. Marion ileile. Hiyo inawapa kipimo cha umbali uliokuwapo kati ya klabu yenye mkataba wa mtu mmoja na klabu iliyonunua kikosi kizima.

Follis alikuwa Mmarekani mweusi peke yake kwenye kikosi, na uwanjani alilengwa. Nimeeleza kile kilichoweza kufanyika chini ya lundo la watu. Mwenye nia mbaya hakuhitaji kutafuta nafasi, kanuni zilimpa nafasi kila dauni. Mwaka 1905 huko Toledo mashabiki wa nyumbani walimtukana kwa rangi yake tangu mwanzo. Nahodha wa Toledo, Jack Tattersoll, aliwageukia watu wake mwenyewe akawataka wakome, akisema Follis ni muungwana na anacheza mchezo safi. Umati ukampigia makofi, na matusi yakaisha. Kisa hiki hupendwa sana na wanaosimulia habari za Follis, nami sikatai kwamba ni kizuri, lakini kisituzibe macho. Huko Shelby kwenyewe, mji uliomshangilia Jumamosi, mwenye baa alimkatalia kuingia alipokwenda na wenzake wa timu. Wenzake hao walikuwa wameshika miguu yake na mgongo wake mchana kutwa wakimsukuma kuelekea goli.

Mmoja wa wenzake wa misimu ya 1902 na 1903 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Ohio Wesleyan aliyeitwa Branch Rickey. Naye alicheza kwa malipo, na malipo ya michezo yalimgharimu haki yake ya kukichezea chuo. Ndiye huyohuyo ambaye akiwa mkuu wa Brooklyn Dodgers alimsajili Jackie Robinson, na Aprili 1947 Robinson akawa mchezaji mweusi wa kwanza katika ligi kuu za besiboli kwa zaidi ya miaka 60. Wapo wanaochora mstari ulionyooka kutoka Shelby hadi Brooklyn: Rickey alimwona Follis akivumilia, miaka 40 baadaye akakumbuka. Mimi nauchora kwa penseli. Kwamba walicheza pamoja ni hakika. Lakini Rickey mwenyewe, alipoeleza chanzo cha nia yake, alizoea kumtaja mchezaji mwingine, Charles Thomas, mshikaji wa timu ya besiboli ya Ohio Wesleyan aliyekataliwa chumba hotelini. Follis anaweza kuwa sehemu ya hadithi hiyo bila sisi kumfanya kuwa chanzo chake.

Mwili ukachoka. Mwaka 1905 magazeti ya Marekani yalikuwa yakihesabu vijana waliokufa uwanjani, hesabu iliyofika karibu 20 kwa msimu, na Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wakuu wa mpira wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton. Kanuni za 1906 zilitoka katika mtikisiko huo: yadi zikawa 10 kwa dauni tatu, nafasi ya urefu wa mpira ikaachwa kati ya kuta mbili, kuruka juu ya ukuta kukakatazwa, pasi ya mbele ikaruhusiwa. Iliruhusiwa kwa masharti ya ajabu. Mpira ukianguka bila kuguswa na mtu, unakwenda kwa wapinzani. Na mrushaji lazima awe amesogea yadi 5 kushoto au kulia kwa mahali mpira ulipoanzia, hata viwanja vikachorwa mistari ya urefu juu ya ile ya upana ili refa aweze kupima. Timu nyingi za miji ziliitazama pasi hiyo kama kamari, zikaendelea kusukuma. Dauni ilipohitaji zaidi ya yadi 3 na bado watu wanasukuma, mbeba mpira ndiye aliyelipia tofauti. Follis alicheza msimu huo wa 1906, akaumia tena, na hakurudi.

Alibaki na besiboli. Alikuwa mshikaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, nafasi ambayo haiwapendezi watu wenye magoti mabovu. Ligi kuu hazikumruhusu kwa rangi yake, kwa hiyo aliichezea Cuban Giants, timu ya Wamarekani weusi licha ya jina hilo la Kikuba.

Kwa wale wenu wanaotaka kuwatafuta wachezaji wa namna hii, nina machache ya kazi. Anzeni na magazeti mawili, la mji wa mchezaji na la mji wa wapinzani, kwa kuwa kila upande ulihesabu mamluki wa mwenzake na kuwasahau wa kwake. Tarehe ya gazeti si tarehe ya mechi: mechi ya Jumamosi huonekana Jumatatu, na ile ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo ni Alhamisi, huonekana Ijumaa. Msimu wote uko kati ya Septemba na mwanzo wa Desemba, kwa hiyo msomaji mvumilivu anaweza kumaliza mwaka mmoja wa gazeti la mji mdogo kwa siku chache. Timu ina majina zaidi ya moja. Shelby Athletic Club na Shelby Blues ni watu walewale. Jina la mtu huandikwa kama lilivyosikika, basi tafuteni kwa nafasi aliyocheza pia: hafubeki wa kulia wa wiki iliyopita kwa kawaida ndiye wa wiki hii. Msiishie kwenye ripoti za mechi. Maneno ya mkataba, ajira na kuhamia mjini hukaa katika habari ndogondogo za ukurasa wa ndani, kati ya tangazo la makaa ya mawe na habari ya ng'ombe aliyepotea. Sensa husaidia kwa kiasi, lakini ile ya 1890 iliharibika karibu yote katika moto wa 1921 mjini Washington. Kwa mtu aliyezaliwa 1879 hasara ni kubwa. Mnamwona mtoto mchanga mwaka 1880, kisha mwanamume wa miaka 21 mwaka 1900, na katikati hapana kitu.

Na mkimpata mtu, msikimbilie neno wa kwanza. Kabla ya 1975 jina lililozoeleka kutajwa lilikuwa la Henry McDonald, mzaliwa wa Haiti aliyeichezea Rochester Jeffersons kuanzia 1911. Kumbe kabla yake alikuwapo Charles Baker wa Akron Indians, 1906, na kabla ya Baker yupo Follis. Anaweza kutokea mwingine kabla ya Follis katika gazeti ambalo hakuna aliyelifungua.

Follis alifariki Cleveland tarehe 5 Aprili 1910 kwa nimonia, akiwa na miaka 31, akazikwa Wooster, ambako uwanja wa mpira wa sekondari ya mji sasa una jina lake. Kanuni mpya zilianza msimu wa vuli mwaka huohuo: robo nne za dakika 15, mchezaji aliyetolewa akaruhusiwa kurudi katika robo inayofuata, na kumsukuma au kumvuta mbeba mpira kukapigwa marufuku.

Nipo tayari kwa maswali.